Kilo Sabini na Tatu za Kiti cha Nyuma

Jumanne saa mbili asubuhi, Agape Mbwambo alipanga nyaraka zake juu ya meza ya ofisi ya shule ya urubani, kwenye uwanja mdogo wa ndege nje ya mji wa Same. Kila karatasi aliiwekea nati juu kwa sababu ya upepo. Upande mmoja kulikuwa na leseni yake ya mwanafunzi, cheti cha afya na kitabu cha saa alizoruka. Upande wa pili kulikuwa na nyaraka za ndege: usajili, bima, cheti cha kuruhusiwa kuruka na kitabu cha injini. Mtihani wake wa vitendo ulikuwa kesho yake. Mtahini alikuja Same mara mbili tu kwa mwaka. Safari ya kwanza mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, safari ya pili mtahini aliugua. Sasa cheti cha afya cha Agape kilikuwa kinaisha Ijumaa, na kwao Gonja mama yake alikuwa ameshaomba mara tatu usharika umkumbuke katika sala, jambo lililoanza kumtia aibu.

Ilibaki fomu ya uzito. Alisukuma ndege, ya viti vinne na injini moja, akaipandisha kwenye mizani tatu, moja kwa kila gurudumu, akajumlisha. Ilizidi uzito ulioandikwa kitabuni kwa kilo sabini na tatu. Akatoa zana, kizimamoto na mkeka wa sakafuni, akavifuta na kwenye hesabu, akapima tena. Bado ilizidi kwa kilo sabini na tatu. Akafungua mlango. Kiti cha nyuma, upande wa kushoto, kilikuwa kimebonyea, na mkanda wake ulikuwa umefungwa.

Akaenda kumuuliza Mzee Loth, aliyekuwa fundi na pia mwenye shule. Loth alikuwa anafuta mikono kwa tambara. Alisema huyo ni Hezroni, na kwamba yumo tangu Februari. Akamweleza kwamba wanafunzi wengine humwandika kwenye mstari wa mizigo.

Hezroni Sifael alikuwa rubani wa shule ile. Miaka miwili nyuma ndege yake iliangukia msituni juu ya Chome, akafia humo, alipokuwa akienda Ndungu kunyunyizia dawa kwelea kwelea waliokuwa wanamaliza mpunga. Ripoti ilisema ni kosa la rubani. Ilisema pia kwamba injini iliungua yote, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kuchunguza. Cheti chake cha mwisho cha afya kilikuwa bado kwenye faili. Uzito: kilo sabini na tatu.

Agape alirudi mezani akafungua kitabu cha injini mwezi wa Februari. Tarehe kumi na nne ilifungwa kabureta mpya, imenunuliwa nje ya nchi, namba imeandikwa, sahihi ya Loth ipo. Akaenda akafungua kifuniko cha injini akaiangalia. Ilikuwa imepakwa rangi ya fedha, lakini kwenye pembe ambazo brashi haikufika kulikuwa na masizi. Namba ya kitabuni ilikuwa imegongwa juu ya namba nyingine iliyosuguliwa kwa tupa. Ile ya zamani ilisomeka bado ukiinamisha kichwa. Aliinakili kiganjani, akapanda kwenye rafu na kuteremsha kitabu cha ndege ya Hezroni. Ilikuwa ni namba ileile ya kabureta yake.

Loth alimkuta na vitabu viwili wazi. Hakukasirika. Alisema kabureta za aina hiyo hazipatikani, kwamba ile aliisafisha mwenyewe kwa siku nne, na kwamba kama anataka kuandika jambo lolote yuko huru, ila ndege itafungiwa na mtahini atarudi Dar es Salaam na mkoba wake.

"Chuma hakina kumbukumbu, Agape," alisema, akaenda kunywa chai.

Saa tano alifika Dorkas, mama yake Hezroni. Alikuwa akija kila Jumanne. Alishuka mlimani kwa basi kutoka Suji, akapanda bodaboda kutoka stendi, akiwa na makande kwenye hotipoti. Agape alimpa shikamoo, naye akaitikia marahaba, akaketi kivulini chini ya bawa, akafunua hotipoti na kuisogeza karibu na mlango. Kisha akaanza kumhadithia mwanawe kwa Kipare: maharage yametoka vizuri, paa la kanisa limeezuliwa na upepo, mjomba wake amezikwa Jumamosi. Kila alipotua, mkanda wa kiti cha nyuma ulilia kidogo, kama mtu anayejigeuza ili asikie vizuri.

Alipomaliza alimwita Agape.

"Mwanangu, wewe ndiwe mwenye kalamu," alisema. "Mimi sitaki wamtoe. Andika tu kwamba yumo. Wakisoma kwamba yumo, watauliza amefuata nini."

Agape alimjibu kwamba ataangalia. Alijua, na pengine Dorkas pia alijua, kwamba ndege ya mtihani hairuhusiwi kubeba abiria. Akimwandika kama abiria, mtihani umekwisha kabla haujaanza. Akiandika sababu ya kuwemo kwake, ndege inafungiwa. Alikaa na fomu ile mpaka kivuli cha bendera ya upepo kilipofika mlangoni. Kisha akaandika: Mizigo, kilo 73, kiti cha nyuma kushoto, imefungwa. Kwa kuwa uzito ulipita kiwango, alipunguza mafuta mpaka hesabu ikakubali.

Mtahini, Kapteni Yunus, alifika Jumatano saa tatu. Alikuwa mtu mzima mwenye kilo tisini na nne na miwani iliyoning'inia kwa uzi. Alisoma kila karatasi kwa kidole. Kwenye mstari wa mizigo kidole kilisimama, kikaendelea. Walipofika kwenye ndege alichungulia nyuma.

"Hezroni," alisema, kwa sauti ya mtu anayemwona jirani dirishani.

Yunus ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa jopo lililoandika ile ripoti. Alifunga mkanda wake, akaanza maswali ya mdomo. Aliuliza kuhusu mawingu, kuhusu upepo unaoteremka kutoka milimani mchana. Kisha akauliza nani mwenye jukumu la mwisho la kuhakikisha kwamba ndege na nyaraka zake ziko sawa.

"Rubani," alijibu Agape.

"Vizuri sana," alisema Yunus, akaweka alama ya vema.

Waliruka kuelekea kaskazini, milima ikiwa mkono wa kulia na reli chini yao. Agape aligeuza juu ya Kileo, akashika kimo na mwelekeo, hakukosea kitu. Waliporudi karibu na Lembeni, Yunus alipunguza nguvu ya injini mpaka mwisho, kama mtihani unavyotaka, akamwambia injini imekufa. Agape alichagua shamba, akaelekeza pua, akataja kwa sauti kila hatua. Yunus aliridhika, akamwambia arudishe nguvu.

Alisukuma mkono wa nguvu. Injini haikuitika. Alisukuma na kuvuta, akahamisha tangi, akahesabu sekunde bila kutaka: nne, tano, sita. Mahindi ya watu yaliyokuwa madoadoa ya kijani yakawa mistari. Alivuta pua juu, kama mwili unavyomtuma mtu aliyeogopa, na kasi ikaanza kufa. Ndipo ndani kukanuka moto wa zamani, mkanda wa nyuma ukafunguka, na kilo sabini na tatu zikasogea mbele kati ya viti viwili. Pua ikashuka. Kasi ikarudi. Kwenye kumi na moja injini ilikohoa, ikashika, na watoto wa shule waliokuwa njiani wakawapungia mikono.

"Imechelewa kidogo," alisema Yunus, akaandika jambo kwenye fomu yake. Agape aliona baadaye kwamba aliandika: Utulivu mzuri wakati wa dharura.

Uwanjani Yunus alimpa mkono, akamsainia leseni ya muda, akamwambia Loth aiangalie kabureta akipata nafasi. Loth alisema ataiangalia. Kisha Loth alikwenda kwenye ubao wa ratiba akaandika jina la Agape kwenye safari ya Alhamisi kwenda Ndungu kwa ndege hiyohiyo, kwa kuwa kwelea kwelea walikuwa wamerudi na wenye mashamba walipiga simu tangu alfajiri. Aliliandika kwa herufi kubwa, na kwa mara ya kwanza akatanguliza neno Rubani.

Agape alimpigia mama yake simu. Alisikia vigelegele, kisha akasikia mama akikimbia kuwaita majirani, simu ikiwa bado wazi mkononi. Hakukata. Alisikiliza mpaka salio likaisha.

Dorkas hakuwa amerudi Suji. Alikuwa amelala kwa ndugu zake mjini, na sasa alikuwa amesimama kando ya uzio, mtandio ukipigwa na upepo. Agape alimwendea. Alikuwa ameandaa maneno, lakini yule mama alimtangulia, akamuuliza aliandika nini.

"Niliandika mizigo, mama."

Dorkas aliitazama ndege. Akauliza kama Hezroni alimsumbua. Agape alisema hapana, injini ilipozima aliinama mbele. Dorkas akaitikia kwa kichwa taratibu, kama aliyetajiwa tabia anayoifahamu tangu utoto wa mwanawe.

"Naye alifaulu mara ya kwanza," alisema. "Mtahini huyu huyu ndiye aliyempa mkono."

Agape alisema kwamba kesho anakwenda Ndungu. Dorkas hakumkataza. Alimtengeneza kola ya shati, akamfuta vumbi begani kwa ncha ya mtandio.

"Una kilo ngapi, mwanangu?"

"Hamsini na nane."

"Hamsini na nane," alisema Dorkas. Akarudia tena kwa sauti ya chini, kama mtu anayeweka kitu kichwani asikisahau, kisha akavuka barabara kwenda kusubiri basi la mlimani.