Watu wa Tarehe Mosi Januari

Buffalo ulikuwa mji wetu wa tatu huku Amerika. Louisville mama alipoteza kazi ya usafi. Columbus kiwanda nilichokuwa nikifanyia kazi kilifungwa. Mwaka 2015 tukahamia kwa binamu yangu Zenoni, mtaa wa Lower West Side, na mama akasema hatabeba magodoro tena. Lakini nisingepata kazi mwezi ule, ingebidi turudi Columbus kulala sebuleni kwa watu.

Ghala moja la Cheektowaga, nje kidogo ya mji, lilitafuta wafungashaji. Nilikwenda na Zenoni, tukajaza fomu. Karani, mwanamke mwenye miwani, aliziweka pamoja akacheka kidogo. Kwa mujibu wa fomu, sote wawili tulizaliwa tarehe mosi Januari. Alisema wiki ile alipokea fomu nyingi za watu wetu, zote na siku hiyo hiyo, naye hataki watu wa karatasi za kununua.

Ni kweli siku yetu ni moja. Kambini Kibondo, Tanzania, tulikokuwa wakimbizi, afisa alimuuliza mama nilizaliwa lini, mama akajibu wakati wa kuvuna maharage. Fomu ya afisa haikuwa na mahali pa kuandika maharage, akaandika tarehe mosi Januari, kama alivyowaandikia wengine.

Niliinamisha kichwa nikatoka. Nje Zenoni alisema, "Kanisani kwetu keki moja ya siku ya kuzaliwa ingetutosha wote," lakini hakucheka. Akaenda kituo cha basi bila kunisubiri.

Mlinzi wa getini, mzee Geraghty, aliniona nafuta macho, akauliza kuna nini. Nilimweleza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, naye akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema babu wa babu yake alitoka Ireland kwa njaa, akaja hapa hapa Buffalo. Kila alipoomba kazi aliambiwa Mwairishi asijisumbue, mpaka akaishia kupakua nafaka melini. Naye hakujua siku aliyozaliwa. Alipoulizwa, alitaja sikukuu ya mtakatifu wa kwao, kama wenzake wengi.

"Ukipita makaburini kwetu," alisema, "utadhani wanawake wa Ireland walijifungua siku moja tu kwa mwaka."

Nilimwomba aingie akamweleze karani. Alikataa.

"Nitasimama nawe, binti. Lakini hayo maharage ni ya mama yako, mimi siyajui."

Tuliingia. Nilishika ukingo wa meza.

"Hatukununua karatasi, mama," nilimwambia karani. "Hatukuwa na cheti cha kuzaliwa. Tarehe iliandikwa na mtu wa kambi. Wapigie watu wa shirika waliotuleta Amerika, uwaulize."

Nikampa namba. Alimtazama mzee Geraghty, akainua simu. Alipiga. Alisikiliza kwa muda mrefu, akizungusha kalamu, akasema ndiyo, akasema sikujua, akaweka simu chini.

"Jumatatu, saa moja asubuhi. Wewe na binamu yako. Wiki mbili za majaribio."

Hakuomba radhi. Basi la Zenoni lilipita nje ya dirisha, nikajua habari ataipata nyumbani. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka karani alipovuta droo, akatoa rundo la fomu alizozikataa, akazisukuma mbele yangu.

"Hawa unawajua?"

Ya juu ilikuwa ya Dafroza, anayeimba nami kwaya. Mzee Geraghty akanisogezea kiti. Nilikaa, nikaanza kusoma majina kwa sauti, moja moja, na karani akawa anayaandika kwenye orodha ya watakaoitwa tena.