Chaja ya Torcuil Siku ya Sabato

Serikali ya Edinburgh ilimtaka Torcuil Macritchie athibitishe kwamba ana mahali pa kuegesha gari. Torcuil aliisoma fomu mara mbili, akatoka nje, akatazama. Mbele ya nyumba yake kulikuwa na nyika tupu mpaka macho yachoke, kondoo, na bahari huko mwisho kabisa. Akapiga picha. Kondoo mmoja alijipenyeza kwenye picha kwa kiherehere chake, na Torcuil hakuona sababu ya kumfukuza. Wiki tatu baadaye barua ikaja kwamba ruzuku ya kufunga chaja ya gari nyumbani imekubaliwa, tena wameongezewa kidogo kwa kuwa wanaishi mbali kisiwani.

Mkewe, Beileag, aliisoma barua kwa sauti kana kwamba ni ya posa. Miaka yote sabini na mmoja ya maisha yake, alisema, serikali haikuwahi kumwandikia ila kumkaripia.

Haikuwa anasa. Figo za Beileag zilikuwa zimegoma, na mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, ilibidi afike hospitali ya mjini akasafishwe damu kwa mashine. Kwenda tu ni maili thelathini na nane. Daktari hakumung'unya maneno: wakikosa usafiri wa uhakika, wahamie mjini, kwenye fleti iliyo karibu na hospitali. Beileag akamjibu kwamba amezaliwa kijijini Tolasgeir na atafia Tolasgeir, na hilo la kufa halina haraka. Gari lao la dizeli liliwahi kufa kabla yake. Wakanunua dogo la umeme, la mtumba, wakawa wanalichaji kwa soketi ya jikoni saa kumi na nne mfululizo huku ukuta ukinuka moto. Ndipo wakajaza fomu.

Chaja ilifungwa na Uisdean, fundi umeme wa kijiji, ambaye pia ndiye anayeongoza zaburi kanisani. Alieleza kwamba ruzuku haitolewi kwa chaja ya hivi hivi, lazima iwe yenye akili. Upepo ukivuma kwenye mitambo ya kufua umeme kilimani na umeme ukawa mwingi, inavuta. Upepo ukitulia, inangoja. Yeye ameshaiagiza chaja kwamba gari liwe limejaa kila saa kumi na moja alfajiri ya siku za hospitali, na kazi ya mzee Torcuil ni kuchomeka waya tu.

"Upepo upi?" Torcuil akauliza.

"Upo mwingine, mzee? Huu huu unaokuibia kofia."

Torcuil hakucheka. Upepo huo ulikuwa umeng'oa paa la ghala la baba yake. Ulichukua mashua ya kaka yake, na kaka yake akiwa ndani. Jioni ya kwanza alisimama nje kwa muda mrefu, taa ya kijani ya chaja ikimmulika usoni, akitazama asilimia za betri zikipanda kwenye gari. Thelathini na tano. Thelathini na sita. Kitu kile kile alichokiogopa tangu utotoni kilikuwa kikiingia ndani ya gari kimya kimya, kupitia waya mnene kama kidole gumba, ili mkewe akatibiwe. Mwili ukamsisimka. Aliporudi ndani Beileag alimuuliza kama chaja inafanya kazi, akaitikia kwa kichwa.

Sasa, Torcuil ni mzee wa kanisa, na Jumapili, ambayo kwao huitwa Sabato, hafanyi kazi mtu wala kitu. Viazi humenywa Jumamosi. Maji na mboji, ule udongo mkavu wanaouchoma badala ya kuni, huingizwa ndani Jumamosi. Hata jogoo, enzi za bibi yake, alifungiwa kikapuni asiwasumbue kuku. Kwa hiyo kila Jumamosi jioni Torcuil alizima swichi kubwa ya chaja, kwa sababu mashine inayofanya kazi kwenye ukuta wako ni wewe unayefanya kazi. Wiki nne za mwanzo haikumgharimu kitu, kwa kuwa upepo ulivuma Jumamosi nzima na gari likajaa mapema.

Wiki ya tano kukaingia baridi kali. Ijumaa walifika hospitali wakakuta maji ya mji yameganda kwenye mabomba, na mashine za damu haziendi bila maji, wagonjwa wakarudishwa nyumbani mpaka Jumatatu. Safari ile ilikausha betri. Jumamosi hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani la nyasi, na chaja, kwa akili zake, ikasema moyoni itangoja wa Jumapili. Jioni Torcuil akazima swichi bila kutazama namba.

Jumapili baada ya chakula cha mchana ndipo alipotazama. Kumi na nane, haitoshi hata kufika mjini. Mawingu yalikuwa yanakuja kutoka baharini, meusi, na redio tangu juzi ilishatangaza dhoruba. Hakuna mtu Tolasgeir asiyejua kwamba upepo ukizidi, nguzo huanguka na umeme hukatika, wakati mwingine siku mbili. Aliporudi ndani alimkuta Beileag kwenye kiti karibu na jiko, miguu imevimba imejaa viatuni, anapumua kama aliyepanda mlima.

Torcuil akasema Sabato inaisha saa sita usiku. Dakika hiyo hiyo atawasha, na mpaka alfajiri gari litakuwa limejaa.

"Na umeme ukikatika kabla?"

"Labda hautakatika."

"Labda," akasema Beileag. Akavuta pumzi. Kisha akamkumbusha kwamba kanisa lao lenyewe hufundisha kuwa kazi za lazima na kazi za huruma zinaruhusiwa siku ya Sabato. Mwaka jana, Jumapili, kondoo alitumbukia mtaroni, na Torcuil akaingia kumtoa akiwa na suti ya kanisani.

"Yule alikuwa anakufa, Beileag."

"Na mimi nafanya nini hapa, mzee wangu? Nafuma soksi?"

Torcuil aliangalia chini. Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Mungu angemwelewa, hilo hakuwa na wasiwasi nalo. Lakini ibada ya jioni ni saa kumi na mbili, kijiji kizima kitapita pale barabarani, na taa ile ya kijani inaonekana tangu darajani. Watasema mzee wa kanisa ameweka mtambo unaopiga kazi Sabato.

"Kumbe ni taa," Beileag akasema polepole. "Miaka arobaini na sita ya ndoa, kumbe mimi na taa tuko mizani moja."

Torcuil aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Akavaa koti, akatoka, akawasha swichi. Ilikuwa saa kumi jioni. Taa ikamulika kijani ukuta mzima, upepo ukampiga kifuani karibu umwangushe, na namba zikaanza kupanda. Kumi na tisa. Ishirini.

Hakwenda ibadani. Alisimama kando ya gari, mkono wake juu ya waya, na kijiji kikapita. Magari mengine yalipunguza mwendo. La Uisdean lilisimama kabisa, kioo kikashuka. Uisdean akaitazama taa, akamtazama Torcuil, akauliza Beileag anaendeleaje. Torcuil akamwambia. Uisdean akasema wataimba zaburi kwa ajili yake, akaondoka.

Saa moja na dakika ishirini Tolasgeir yote ikazimika, nyumba, kanisa, taa ya kijani. Torcuil akachungulia ndani ya gari. Tisini na moja.

Umeme haukurudi usiku huo. Alfajiri dhoruba ilikuwa imepita, wakaendesha polepole wakikwepa nguzo zilizolala, nyumba zote njiani giza tupu. Mjini taa zilikuwa zinawaka. Wauguzi wakamlaza Beileag, wakamwunganisha, na damu yake ikaanza kutembea kwenye mipira myembamba, kutoka mkononi, kupita mashine, kurudi mkononi. Torcuil aliuliza mashine ile inatumia umeme wa wapi. Muuguzi msichana akasema hana uhakika, anadhani ni wa kule kule kilimani, kama wote.

Torcuil akavua kofia. Alitazama ile damu ikizunguka, akatazama dirishani ambako upepo ulikuwa bado unasukuma mawingu, akarudi kwenye damu. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo.

Katika kanisa lao watu huimba wakiwa wamekaa, na huomba wakiwa wamesimama.

Muuguzi akamletea kiti. Torcuil akashukuru, hakukaa. Baada ya nusu saa yule msichana akarudi, akakisogeza kiti karibu zaidi, akamsihi babu apumzishe miguu.

"Mwache, mwanangu," Beileag akasema kutoka kitandani. "Sijawahi kumwona amesimama hivi siku ya kazi."