Mfuko Uliochorwa

Sungura alikuwa na urefu wa sentimita thelathini na moja, kuanzia ncha ya masikio hadi miguuni, na alikaa katikati kabisa ya kifua cha gauni la kulalia. Alikuwa ananyonya kidole. Chini yake, kwa maandishi ya kuviringana, paliandikwa: Nibebe. Upande wa kulia, karibu na kiuno, kulikuwa na mfuko, lakini mfuko wenyewe ulikuwa umechorwa. Mishono yake ilikuwa ya wino na kifungo chake kilikuwa cha wino. Mkono ukitafuta pa kuingia ulikuta kitambaa kitupu.

Aliyelivaa gauni hilo la kulalia alikuwa na miaka sabini na miwili. Alifundisha hesabu kwa miaka thelathini na minne, kumi na mmoja ya mwisho akiwa mkuu wa shule, na kila mtu alimwita Mwalimu. Alianguka bafuni, nyonga ikavunjika, akafanyiwa upasuaji Jumatatu. Jumanne alitakiwa asimame, na Jumatano atembee kwa fremu hadi dirisha la mwisho wa korido na kurudi. Jumanne alisimama. Jumatano alikataa.

"Mguu uko tayari," alimwambia nesi. "Ila kwa gauni hili siendi popote."

"Jamani, bibi yangu, si umependeza! Kasungura kazuri hako. Haya, mtoto mzuri, twende hatua mbili tatu."

"Mtoto mzuri ni nani?"

"Si wewe hapo!"

Mwalimu alifumba macho na hakuyafumbua mpaka nesi alipoondoka. Daktari alipopita akamuuliza leo ni siku gani, hakujibu. Aliona kwamba daktari amemtazama sungura kwanza, kisha ndipo akauliza. Kwenye faili iliyoning'inia miguuni pa kitanda ikaandikwa: Amekataa kutembea. Huenda amechanganyikiwa.

Binti yake aliisoma sentensi hiyo alasiri ile ile, akitoka kazini. Kiwandani walimwita Futi, kwa sababu futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake hata alipokwenda kula. Alikuwa mkataji wa nguo za kulalia za wanawake. Sungura huyo alipita mikononi mwake, tabaka arobaini kwa mpigo, na gauni hili mojawapo lilitoka na mkono mmoja mfupi kuliko mwenzake. Nguo zenye kasoro wafanyakazi waliruhusiwa kuzichukua. Kwa miaka kumi na tisa Futi alimpelekea mama yake nguo za namna hiyo, na kabati la Mwalimu lilijaa dubu, mawingu yenye tabasamu na paka waliovaa taji. Nyumbani alizivaa bila neno. Nyumbani hakuna aliyemwona.

Daktari alimweleza Futi mlangoni, bila kupoteza muda. Mtu wa umri ule akilala siku nyingi mfululizo, mapafu yanaanza kujaa na damu inaganda miguuni. Ijumaa atapitia faili. "Nikikuta bado hajatembea na hajibu maswali, nitaandika kwamba anahitaji mtu wa kumsimamia."

"Kumsimamia nini?"

"Kila kitu. Dawa, kuoga, maamuzi."

Futi alirudi kitandani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunibeba? Imeandikwa hapa."

Mama wa kitanda cha pili aliangua kicheko. Alikuwa mpishi wa shule aliyestaafu, mwenye bandeji gotini, na gauni lake lilikuwa na aiskrimu yenye macho na kope ndefu. Wodi nzima ilimwita Mama Aiskrimu. Yeye pia hakuwa ametembea, lakini alisingizia goti.

"Mwalimu, afadhali wewe una sungura," alisema. "Mimi nimewekewa kitu kinacholambwa."

"Mama, ni korido tu," Futi alisema. "Unakwenda, unarudi."

"Kwenye korido hiyo kuna wodi ya wanaume, na milango iko wazi. Nilipopitishwa kwa machela niliwaona wawili niliowafundisha. Mmoja alirudia kidato cha pili kwa amri yangu. Wamelala na pajama za mistari, zina kola, zina mifuko. Mmoja ana kalamu mfukoni! Nami nipite mbele yao na fremu, kifuani nimeandikwa hivi?"

"Nikuletee gauni la mchana?"

"Yanabana penye bandeji. Na la hospitali liko wazi mgongoni, hilo usilitaje." Mwalimu alivuta shuka mpaka shingoni. "Niletee nguo ya kulalia ya mtu mzima. Si ombi kubwa."

Futi aliingia maduka matatu kabla hayajafungwa. Katika la kwanza alikuta nguo kutoka kiwandani kwake, na akapita. La pili lilikuwa na vipepeo, mioyo, na fulana yenye maneno Binti Mvivu katika saizi ya mwanamke wa kilo tisini.

"Hizi ni za watoto?" aliuliza.

"Za watu wazima, dada. Za watoto ziko kule," muuzaji alisema, akionyesha rafu nyingine. Kulikuwa na vipepeo wale wale, wamepunguzwa.

"Hamna isiyo na picha?"

"Zipo!" Muuzaji aliingia nyuma, akatoka na kitu cha lesi kilichoweza kukunjwa kikaenea kiganjani. "Hii haina picha hata moja."

"Ni ya mama yangu. Ana miaka sabini na miwili."

Muuzaji aliitazama lesi, akamtazama Futi, akairudisha nyuma. "Basi chukua kipepeo."

Duka la tatu lilikuwa na pajama nzuri za pamba, buluu iliyoiva, upande wa wanaume. Futi aliipima suruali kwa jicho. Haingepita juu ya bandeji. Shati lingeishia mapajani. Aliirudisha kwenye hanga, akasimama pale kwa muda akiwa amechoka, miguu ikimuuma kwa kusimama tangu asubuhi. Ilimjia kwamba anafanya kazi mahali panapotoa magauni elfu sita kwa mwezi na hawezi kupata moja.

Alhamisi alifika wodini kabla ya zamu, na futi yake shingoni.

"Unafanya nini?" Mwalimu aliuliza.

"Nakupima. Inua mkono."

"Miaka kumi na tisa unaniletea nguo na leo ndiyo unanipima?"

Futi alinyoosha futi yake. Alipima mabega: arobaini na moja. Alipima kifua, kiuno, nyonga pamoja na bandeji, na urefu kutoka shingoni hadi kwenye kifundo cha mguu. Mabega ya mama yake yalikuwa mapana kuliko alivyodhani, na moja lilikuwa chini ya jingine kwa sentimita moja na nusu, huenda kwa sababu ya kuandika ubaoni. Aliandika namba zote kwenye kiganja chake kwa kalamu.

"Hizi za kwenu mnazipima kwa nani?" Mwalimu aliuliza.

"Hatumpimi mtu. Tuna pateni, karatasi ya kukatia, ya mtoto wa kike wa miaka kumi na miwili. Tunaikuza, sentimita nne kwa kila saizi."

Mwalimu alipiga hesabu kidogo. "Kwa hiyo hii niliyovaa ni ya mtoto wa miaka kumi na miwili, aliyekuzwa mara nane."

"Ndiyo."

"Na za wanaume?"

"Zile alipimwa mwanamume. Msimamizi wa zamani. Alipandishwa juu ya meza, akapimwa."

"Nani alikataza kumpandisha mwanamke?"

"Hakuna aliyekataza."

"Na mfuko? Kwa nini umechorwa?"

"Mashine ya mifuko iko upande wa wanaume."

"Umbali gani?"

Futi alifikiri. "Hatua kumi na tano."

Mwalimu alimtazama kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi waliopata jibu sahihi kwa njia isiyo sahihi. Futi alikunja futi yake akaenda kazini.

Kiwandani, kipande cha mwisho wa jora kikiwa chini ya mita tatu kilitolewa kwa mfanyakazi aliyekiomba, ilimradi msimamizi asaini. Futi alikuta mita mbili na robo tatu za pamba ya buluu yenye mistari myembamba ya kijivu.

"Unamshonea mzee nyumbani?" msimamizi aliuliza, kalamu mkononi.

"Mama yangu."

"Mama? Hii ni ya kiume."

"Ni pamba."

"Ndiyo, pamba ya kiume." Alisema hivyo bila mzaha, akasaini.

Saa ya chakula Futi alichora pateni mpya kwenye karatasi ngumu, akizisoma namba kiganjani. Hakula. Alikata kwa mkasi kwa kuwa mashine ya kukatia haifai kwa tabaka moja. Mshonaji wa meza ya tatu, waliyemwita Mama Pacha, alishona mabega na mikono kabla kengele haijalia, akaweka vifungo mbele mpaka chini ili mgonjwa asilazimike kuingiza kichwa.

"Kola pia?" Mama Pacha aliuliza. "Shoga, huyu mama anakwenda kulala au anakwenda kikaoni?"

"Vyote viwili."

Uliobaki ulikuwa mfuko. Baada ya zamu Futi alitembea zile hatua kumi na tano. Aliyeendesha mashine ya mifuko alikuwa ameshaizima. Aliitwa Mzee wa Mifuko ingawa hakuwa mzee, na hakuwa ameshona chochote cha kike tangu aajiriwe.

"Mfuko wa mwanamke unakaa wapi?" aliuliza, akiligeuza gauni huku na huku.

"Mkono wake unapofika."

"Unafika wapi?"

Futi alilishika gauni mwilini mwake, akashusha mkono. Mzee wa Mifuko aliweka alama ya chaki, akawasha mashine. Kazi yote ilichukua dakika nne.

"Hii tu?" alisema. "Mbona ni kama ule ule wa wanaume."

Wakiwa hapo alipita mbunifu, msichana wa miaka ishirini na sita aliyechora sungura, dubu na mawingu, na mwenye kujua kuchora kweli. Alilishika gauni kwa vidole viwili.

"Kazi safi, dada Futi. Ila lina huzuni. Weka hata kipepeo mmoja kwenye kola."

"Ni la mgonjwa."

"Basi hasa mgonjwa! Anahitaji kuchangamka. Wanawake wanapenda, wanazinunua kila siku."

"Hatujawahi kuwatolea nyingine." Futi alisema bila hasira. Alikuwa amechoka mno kukasirika. "Wewe unalala na nini?"

"Mimi? Fulana ya mume wangu, ile kuukuu." Mbunifu alilirudisha gauni, akatoa simu yake na kuondoka akiitazama.

Ijumaa asubuhi Futi alimvalisha mama yake, akamfunga vifungo kuanzia chini. Mwalimu alijishika mabega yote mawili. Kwenye lile la chini kitambaa hakikuvuta wala kulegea. Kisha alitia mkono mfukoni, akautoa, akautia tena. Aliweka humo miwani, leso, na penseli aliyoomba kwa nesi.

"Fremu," alisema.

Korido ilikuwa na mita ishirini na mbili. Alikwenda polepole, akisimama mara tatu, na nesi nyuma yake alijitahidi kutomshika. Mlangoni pa wodi ya wanaume mgonjwa mwenye kalamu mfukoni alijaribu kukaa wima. "Shikamoo, Mwalimu!" Mwalimu alisema marahaba bila kugeuza shingo, maana kugeuka kulimuuma. Aligusa dirisha la mwisho, akapumzika, akarudi. Alipofika kitandani uso wake ulikuwa umepauka.

Daktari alikuwa anasubiri na faili. "Hongera, Mwalimu. Leo ni siku gani?"

"Ijumaa. Na Jumatano nilijua ni Jumatano." Alitoa miwani mfukoni, akavaa. "Hebu nione ulichoandika."

Daktari alisita, kisha akampa. Mwalimu alisoma, akamrudishia faili pamoja na penseli. Daktari alitumia kalamu yake mwenyewe. Alikata mstari mmoja, akasaini pembeni.

"Umekata 'amekataa kutembea'," Mwalimu alisema. "Kuna sentensi ya pili."

Daktari aliikata nayo.

Daktari alipoondoka Mwalimu alilala chali, mkono mmoja ukiwa bado mfukoni. "Hili litafuliwa," alisema, macho yamefumbwa. "Litakuwa na mwenzake?"

"Kitambaa kimekwisha, mama. Mpaka jora jingine liishe."

"Lini?"

"Sijui. Wiki tatu. Nne."

Futi aliketi kwenye kiti cha wageni. Zamu yake ingeanza baada ya dakika arobaini, na mezani kulikuwa kumeshatandazwa tabaka arobaini za mtoto wa tembo mwenye utepe kichwani. Alitaka kufumba macho dakika tano tu.

"Binti," Mama Aiskrimu alisema kutoka kitanda cha pili. Alikuwa amekaa, shuka ameisukuma pembeni, na bandeji ya goti ilionekana. "Na mimi nipime."

"Mama yangu, si umesikia? Hakuna kitambaa."

"Nimesikia. Wewe nipime tu."

Futi alibaki ameketi kidogo. Kisha akainuka, akavua futi shingoni, akamwambia anyooshe mgongo.