Bawaba Zilizopigiliwa Misumari

Aliyeuchora mji huu alikuwa na rula, na rula yake haikujua mzaha. Mitaa yote imenyooka mpaka kwenye geti la bandari, na majengo ya kona yamekatwa pembe ili mikokoteni yenye mbao ndefu ipate kugeuka bila kumng'oa mtu ukuta. Kwenye pembe mojawapo, mlango ukitazamana na geti uso kwa uso, ndipo lilipokuwa duka la Bi Bawaba. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mafundi wa bandarini walimwita kwa kile walichozoea kuja kununua.

Duka lilikuwa la baba mkwe wake, likawa la mumewe, na mumewe alipofariki likawa lake, na hakuna shemeji aliyethubutu kufungua mdomo. Aliuza bawaba, vitasa, kamba na makopo ya rangi. Paa lilipoanza kuvuja mpaka kamba zikaota ukungu, mtoto wa marehemu mdogo wake wa kike alimletea habari njema. Kijana huyo alifanya kazi ofisi ya mipango miji, na ukoo mzima ulimwita Ofisa, nusu kwa fahari, nusu kwa kumtania.

"Mama mkubwa, jengo lako limetangazwa kuwa la kihistoria," alisema. "Watalikarabati lote bila wewe kutoa hata senti. Wewe funga kwa muda tu, halafu utarudi dukani kwako."

Hakusema uongo. Alichoacha kusema ndicho kilichokuwa kikubwa. Bi Bawaba hakuwahi kumwamini hata aliyemrudishia chenji, lakini huyu alimlea mwenyewe, na mtoto uliyembeba mgongoni humkagui. Akampa funguo.

Asubuhi ya uzinduzi Ofisa alimfuata nyumbani, akamwingiza dukani kabla wageni hawajafika. Utepe mwekundu ulikuwa tayari umefungwa mlangoni, ikabidi wainame. Ndani kulinukia vanishi. Kuta zilikuwa nyeupe pe. Bi Bawaba akainua macho juu.

"Kwa paa, mwanangu, Mungu akuweke," alisema, na alisema kwa moyo wote.

Kisha akapita nyuma ya kaunta, mahali pake, na vidole vyake vikaenda vyenyewe kutafuta misumari ya shaba ambayo mumewe aliipigilia ukingoni ili kupimia kamba. Haikuwepo. Matundu yalikuwa yamezibwa na kupakwa rangi.

"Misumari yangu iko wapi?"

"Mafundi waliona inaharibu mbao, wakaing'oa."

Bi Bawaba akanyoosha mkono rafuni achukue bawaba aifute vumbi, mkono wa mazoea tu. Bawaba haikutoka. Akavuta ya pili, nayo vilevile. Kila moja ilikuwa imepigiliwa kwenye rafu. Makopo ya rangi yalikuwa yamegandishwa kwa gundi, na kamba zimefungwa ukutani kwa waya. Misumari iliyokuwa na kazi wameing'oa, na vitu vya kuuzwa wamevipigilia! Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini kuna wenye upara.

"Ndiyo maonyesho yenyewe, mama mkubwa," alisema Ofisa, macho yake chini. "Wageni wana mikono mirefu. Wewe utakaa kwenye kile kiti, wakuone. Utalipwa posho kila mwezi."

"Wanione nikifanya nini?"

"Ukiwa umekaa."

Walikuwa wamemwondoa dukani kwake huku wakimkalisha ndani yake, na aliyewafungulia mlango alikuwa mwanawe.

Kabla hajajibu, mtu aliinama chini ya utepe. Alikuwa fundi wa boti ya kuvutia meli, mtu wa kifua kipana na sauti isiyojua kunong'ona.

"Bi Bawaba! Afadhali umefungua! Mlango wa chumba cha injini umeng'oka, na kuna meli inatusubiri nje. Hizo bawaba za madukani kwingine zikionja maji ya chumvi tu, kwisha habari. Nipe mbili, zile nene."

"Hapauzwi," Ofisa aliingilia. "Haya ni maonyesho."

"Maonyesho ya nini?"

"Ya duka."

Fundi akatazama rafu, akamtazama Bi Bawaba. "Si ndiyo hili hapa?"

Ofisa akamsogelea mama yake mkubwa na kushusha sauti. "Ukigusa kitu watakutoa kabisa. Posho huna, hata kiti huna. Na mimi kazi yangu itaota mbawa."

Tusimwongopee mtu: Bi Bawaba alisita. Magoti yalimuuma siku hizi. Posho ni posho, na kijana alikuwa na watoto wadogo. Akakitazama kile kiti, kimewekewa mto mwekundu, na mbele yake kibao kilichoandikwa "Usiguse".

"Fundi," alisema, "niazime bisibisi yako."

Aliichomeka chini ya bawaba, akaiegemea kwa uzito wake wote. Mbao ikalia, msumari ukaruka, bawaba ikatoka. Ya pili ilitoka na kipande cha rafu. Akazifunga kwa karatasi ya ratiba ya sherehe iliyokuwa juu ya kaunta, akataja bei ileile ya zamani, akalipwa.

Fundi alitoka na sauti yake, bisibisi akaiacha. Geti lile pale, na habari ikavuka barabara kabla magari ya wageni hayajaegeshwa. Mgeni rasmi alipofika na mkasi wake, alikuta wapakiaji mizigo, mabaharia na mafundi wamepanga mstari mpaka kona.

"Nyuma, mheshimiwa," mmoja alimwambia. "Wote tuna haraka."

Mgeni rasmi akachungulia ndani. "Mama, vitu hivyo ni vya kihistoria!"

"Historia ya nini, baba?"

"Ya biashara ya bandari yetu."

"Basi umewahi, ndiyo inaendelea."

Mstari ulicheka, na kicheko kile kilimkasirisha mgeni rasmi kuliko kosa lenyewe. Akamgeukia Ofisa. "Mtoe huyu mama."

Ofisa aliingia mpaka kwenye kaunta. Jasho lilikuwa limelowesha kola yake.

"Mama mkubwa, tafadhali."

"Sitoki kwa tafadhali." Bi Bawaba aliweka bisibisi chini, akamnyooshea mkono juu ya kaunta. "Ukitaka kunitoa, nishike hapa univute, watu wote hawa wakuone. Nikilia, usiniachie."

Ofisa aliutazama mkono ule. Wake haukuinuka.

"Huwezi?"

Alitikisa kichwa.

"Basi sogea, mwanangu. Unawazibia wateja njia."

Ofisa alisogea. Baharia akaukata utepe kwa kisu chake, akaingia, akaomba kitasa.