Unyayo Kwenye Sinki

Mtaani walimwita Bi Nyundo, na hawakumsingizia. Nyundo yake ya kupasulia mawe ilikaa kiti cha mbele cha gari, na mumewe, maskini, alikaa nyuma na magunia. Wenzake waliosoma naye jiolojia waliishia ofisini kwenye viti vya kuzunguka. Yeye mpaka leo hawezi kupita penye korongo bila kusimamisha gari, hata kama anapeleka mgonjwa.

Asubuhi hiyo alitoka bafuni na taulo kichwani, akamkuta mumewe jikoni, mikono imezama kwenye povu. Mume huyo ni nesi wa chumba cha upasuaji, na uchafu humkosesha usingizi. Alikuwa ameosha mawe. Mawe yote ya jana! Ameyapanga juu ya kitambaa cheupe, yanang'aa kuliko sahani za wageni.

"Nimekupunguzia kazi," akasema, kifua mbele.

Bi Nyundo akachungulia kwenye sinki. Vibandiko vyake vya namba, vilivyoonyesha kila jiwe limetoka wapi, vilikuwa vimejikunja pamoja kwenye tundu la maji.

"Umenimaliza! Jiwe lisilojulikana kwao ni yatima, Nesi. Sasa nitajuaje lipi la wapi?"

"Kwani mawe si mawe tu?"

Mtu akikuambia hivyo, naye ni mumeo, utamfanya nini? Bi Nyundo akashika jiwe la karibu ili apate kitu cha kubana mkononi. Lilikuwa bapa, jana limejaa tope upande mzima. Akaligeuza, na hasira yote ikayeyuka. Katikati ya jiwe palikuwa na unyayo. Vidole vitatu vyembamba na kisigino, kama mnyama amepita jana tu, kumbe amepita kabla vilima havijawa vilima.

"Mungu wangu," akanong'ona. Kisha akapiga kelele hadi jirani akafungua dirisha.

Mara furaha ikakatika. Jana aliokota mawe kwenye vilima viwili vinavyochongwa kupitisha barabara mpya. Kilima cha bomba la maji kilipigwa plasta ya saruji jana hiyohiyo jioni, ukuta mzima. Kilima cha mnara wa simu kingepigwa leo. Jiwe moja la kuokota halithibitishi kitu. Lazima uone mwamba lilikotoka. Kama limetoka kwenye bomba, basi, buriani.

Akavunja kipande cha pembeni, mbali na unyayo, akakitia mdomoni.

"Mke wangu, mkate upo," mumewe akasema taratibu.

"Nyamaza nisikie!"

Mwamba wa kwenye bomba ulikuwa udongo mtupu, laini kama siagi. Wa kwenye mnara ulikuwa na chenga ndogo ambazo jicho halizioni, ila meno huzijua. Bi Nyundo akatafuna, macho amefumba. Krr. Krr.

"Linakwaruza! Linakwaruza!" Akambusu mumewe kwa mdomo wa tope, akalitia jiwe kifuani, akatoka mbio na taulo lake kichwani.

Kwenye mnara mashine ya kurusha saruji ilikuwa imeshaanza kunguruma, na nusu ya ukuta ilikuwa ya kijivu. Msimamizi wa barabara, mzee mnene mwenye kofia ya plastiki, akamsikiliza huku anatazama saa.

"Mama, mvua ikinyesha kilima hiki kitashuka barabarani. Kazi yangu ni kufunika. Ukinionyesha hizo nyayo, nazima. Usiponionyesha, unipishe."

Matabaka ya mwamba yaliinama kuelekea barabarani, migongo yake wazi, lakini yamepakwa tope tupu. Bi Nyundo akapanda, akagonga huku, akakwangua kule. Hakuna kitu. Mpira wa kurushia saruji ukawa unasogea, naye akahisi machozi yanamjia, machozi ya hasira hasa.

Mumewe akatokea na ndoo ya maji na brashi ya jikoni.

"Kule nyumbani unyayo uliuona kabla sijaosha, au baada?"

Bi Nyundo akasogea kumpisha. Nesi akapiga magoti na suruali yake nyeupe. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema, akaanza kusugua kama anaandaa mgonjwa wa upasuaji. Tope likatiririka. Kikatokea kidole. Vikatokea vitatu. Ukafuata unyayo mwingine, mbele yake pengo bapa lililobanduka. Bi Nyundo akatoa lile jiwe kifuani, akalipachika. Likakaa kama kifuniko kwenye chungu chake.

"Ndizo hizi!" akapaza sauti. "Bosi, njoo uone, mnyama anatembea!"

Msimamizi akapanda kwa taabu, akihema. Akazifuata nyayo kwa kidole, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, mpaka zilipoingia chini ya plasta yake mwenyewe. Akainua mkono, mashine ikazimwa.

Bi Nyundo hakuthubutu kuomba zaidi. Msimamizi akabonyeza saruji, ikabonyea.

"Bado mbichi," akasema. Akakunja mikono ya shati, akaanza kuikomba kwa viganja. "Nesi, mbona umesimama? Lete maji!"