Maamkizi ya Ndoo Kumi na Mbili

Zege halitaki mchezo, na anayedhani linataka akalale chini ya dari lililokorogwa na mtu mwenye usingizi, tutaonana asubuhi. Mfuko mmoja wa saruji, ndoo nne za mchanga, ndoo nane za kokoto, maji ndoo moja na nusu. Zidisha kokoto, utapata sakafu yenye matundu. Zidisha maji, umepika uji. Hayo Shangazi aliyajua kuliko alivyojua tarehe za kuzaliwa za wanawe wanne, na ndiyo maana yeye ndiye aliyesimama mdomoni mwa mashine ya kukorogea zege, kijiti mkononi, akiilisha.

Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale kwenye saiti ya ujenzi. Alikuwa na miaka hamsini na nane, mkubwa kuliko wote, jina likamkaa. Miaka tisa alibeba maji kichwani akipanda na kushuka ngazi za mbao, mpaka siku mpimaji wa zamani aliposhindwa na mgongo akamwachia nafasi. Tangu siku hiyo mama wa watu aliipenda ile mashine, kelele zake, moshi wake na yote. Jioni mumewe akimuuliza kama amechoka, humjibu, "Leo imekula mara sitini," kwa fahari ya mtu aliyenenepesha ng'ombe.

Taabu ilikuwa kuhesabu. Saiti imejaa namba. Seremala anapiga kelele, "Tatu na nusu!" Msuka nondo naye yuko juu, "Kumi na sita, leteni kumi na sita!" Mwanzoni Shangazi alihesabu moja, mbili, tatu kama watu wengine. Siku moja akafika tano, seremala akaita "nane!" kwa mambo yake ya mbao, na mbeba kokoto akaona kazi imekwisha, akaketi. Zege la siku hiyo lilivunjwa kwa nyundo.

Ndipo akabuni maamkizi. Mtu anaweza kusahau hesabu, alisema, lakini aliyelelewa vizuri hasahau kusalimia.

Ikawa hivi. Kokoto zilibebwa na bwana mmoja mpana anayeitwa Tingatinga. Ndoo zimepangwa mstari, Shangazi anaita, "Habari za leo?" Tingatinga anamwaga ndoo, "Nzuri!" "Za jana?" Ndoo. "Nzuri!" Halafu za nyumbani, za kazi, za afya, za majirani, za siku nyingi, za huko utokako. Hizo nane. Kisha zamu ya mchanga, na mchanga ni wa Mwembamba, ambaye jina lake linajieleza. "Baba hajambo?" Ndoo. "Hajambo!" Mama, watoto, na wewe mwenyewe. Hizo nne. Mwisho anakuja Vumbi, mweupe kwa saruji kutoka nywele hadi kucha, mfuko begani. Anapaza sauti, "Shikamoo!" na kuupasua mfuko mdomoni mwa mashine. Shangazi anaitikia, "Marahaba!" na ikisikika marahaba tu, Vumbi anamimina maji.

Miaka mitatu, hakuna zege lililoharibika. Wapita njia walidhani wale ni watu wenye adabu kuliko wote duniani. Ukweli ni kwamba Tingatinga alikuwa ameziba masikio kwa karatasi za mifuko ya saruji kwa ajili ya kelele, na alichosikia ni sauti ya kuulizwa habari tu. Mikono yake ilishazoea. Ukimuuliza habari za jambo lolote, popote, mikono inatafuta ndoo. Mkewe aliwahi kulalamika.

Mtu mmoja tu hakuyapenda maamkizi yale: msimamizi. Wafanyakazi walimwita Haraka. Methali mnaijua, na alichokosa ni hicho hicho mnachokifikiria. Alikuwa na miaka arobaini kasoro, kalamu sikioni, na hakumsalimia mtu. Asubuhi akiingia neno lake la kwanza ni, "Toroli ziko wapi?" Miaka mitatu alimpita Shangazi, mwanamke anayeweza kuwa mama yake mzazi, bila hata shikamoo moja ya bahati mbaya. Jambo hilo lilimkata Shangazi maini, na mumewe alilisikia kila jioni.

Siku ya kumwaga sakafu ya ghorofa, Haraka alimfuata kabla mashine haijawashwa.

"Mwenye nyumba anakuja leo kuangalia. Sitaki aone kichekesho. Hapa ni saiti, si ukumbi wa harusi."

"Niambie ni zege gani nimeharibu."

"Bado. Lakini ukiharibu moja tu leo, kesho unashika ufagio. Ndoo nitazihesabu mwenyewe."

Shangazi akashika kijiti chake. Kwenye ufagio ndiko alikoanzia, kabla hata ya ile miaka tisa ya maji. Kurudishwa kwenye ufagio na umri ule, mbele ya watu wale, asingeweza kuvumilia.

Basi aliita maamkizi siku hiyo kwa makini kuliko siku zote. Mara ishirini na tatu mashine ilikula, ikakoroga, ikatapika kwenye toroli, na mara ishirini na tatu fundi aliyekuwa juu akisawazisha sakafu aliinua dole gumba. Mashine ikawa tupu, mdomo wazi, ikisubiri mlo wa ishirini na nne. Vumbi alikwishajitwika mfuko mapema ili asichelewe.

Hapo ndipo mwenye nyumba alipoingia.

Alikuwa mzee msafi, kofia kichwani, viatu vyeupe miguuni, viatu vyeupe saitini jamani, na alikuwa muungwana wa kizamani, wale wasiosalimia huku wanapita. Akatazama, akaona mtu mzima ni mmoja tu pale, akamwendea moja kwa moja.

Shangazi naye alikuwa na mama aliyemlea. Kabla hajafikiri, mdomo ulishasema, "Shikamoo, mzee."

Paa! Vumbi akaupasua mfuko.

"Marahaba, mwanangu," mzee akaitikia kwa sauti nene iliyopita hata juu ya mashine. Maji yakaingia, ndoo moja na nusu.

"Habari za leo?"

"Nzuri!" alinguruma Tingatinga, na ndoo ya kokoto ikaenda.

Shangazi alitoa macho. Akampungia Tingatinga kijiti aache. Tingatinga akaelewa anahimizwa, akashika ndoo mbili kwa pamoja.

"Nzuri, mzee," alisema Shangazi kwa mkato.

Mzee aliuona ule mkato, akapata wasiwasi. "Mbona umekunja uso, mwanangu? Habari za afya?" Ndoo mbili. "Habari za nyumbani?" Ndoo mbili. "Watoto hawajambo?" Hapo Mwembamba akaamka naye, asipitwe.

Shangazi alikuwa amebanwa. Akinyamaza, amemvunjia heshima mzee, tena mwenye nyumba. Akijibu kama mtu aliyelelewa, lazima naye aulize. Adabu ikamshinda. "Hawajambo, mzee. Habari za kwako?" Akaziba mdomo kwa kiganja, lakini ndoo zilikwisha kwenda.

"Njema, njema. Habari za kazi?"

"Simama!" alipiga kelele Shangazi.

Mzee wa watu akasimama wima, mikono ubavuni. Tingatinga hakusimama, maana simama haikuwa habari wala nini; akazidi kumwaga mbili mbili. Mashine ikakohoa mara mbili, ikatoa moshi mweusi, ikazimika. Kokoto zikafurika mdomoni na kubingirika juu ya viatu vyeupe. Katika ukimya ule kila mtu alimsikia Tingatinga akisema "Nzuri!" na kuweka ndoo ya kumi na tisa juu ya mlima.

Haraka alikuja mbio. Aliangalia mashine, akaangalia viatu, akaangalia juu ambako sakafu ilikuwa imemwagwa nusu. Hakupaza hata sauti.

"Shangazi. Ufagio."

Shangazi alikwenda kuuchukua. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, ufagio mapajani, na machozi yakamlenga. Akayafuta kwa mkono wenye saruji, basi yakazidi. Alijiona mjinga, na zaidi ya ujinga aliona uchungu, kwa sababu kosa lake lilikuwa kumwamkia mtu.

Wakaikomba mashine kwa makoleo na mikono. Huko juu fundi hakuacha kupiga kelele, "Zege! Linakauka huku! Likikauka nusu nusu, hapa patavuja mpaka mwisho wa dunia!"

"Nahesabu mimi," alisema Haraka, na kijiti akakitupa. "Tingatinga, toa makaratasi masikioni! Moja! Mbili! Tatu!"

"Sita!" aliita msuka nondo kutoka juu.

"Saba!" alisema Haraka, kisha akajishika. "Hapana. Nne."

Mwenye nyumba akasogea taratibu. "Samahani bwana, mifuko ya saruji imebaki mingapi?"

"Arobaini na mbili, mzee," alijibu Haraka, akamgeukia Tingatinga. "Arobaini na tatu! Arobaini na nne!"

Tingatinga aliweka ndoo chini. Hata yeye aliona hapo kuna jambo.

Zege la kwanza la Haraka lilipanda kwenye toroli na kurudi kwenye toroli ile ile. "Nani kapika supu ya mawe?" aliuliza fundi. La pili lilikuja kavu, ukilitupa ukutani linadunda. Haraka alilowa jasho. Kalamu ilimdondoka sikioni ikaingia mashineni, ikakorogwa nalo.

Mwenye nyumba aliitazama nyumba yake, akamtazama Shangazi pale juu ya ndoo. "Yule mama alifanya kosa gani?"

"Alikusalimia, mzee," alisema Mwembamba.

Mzee akaibana midomo yake kwa vidole, na tangu hapo hakusema neno, asije akaharibu kingine.

Haraka akamwendea Shangazi. "Haya. Rudi mashineni."

"Mimi nimeshika ufagio. Wewe ndiye uliyenipa."

"Shangazi, zege linakauka!"

"Naliona." Shangazi aliitaka ile nafasi kuliko kitu chochote, na alijua akijibu vibaya ataipoteza kweli. Lakini kuna mambo mtu akiyameza leo, kesho yatamkaba. "Miaka mitatu unanipita kama toroli bovu. Nisalimie kwanza."

"Sasa hivi?"

"Ungeanza mapema, sasa hivi ungekuwa umemaliza."

Vumbi aliwasha mashine. Haraka akatazama juu, akatazama chini, akasafisha koo.

"Habari za leo?"

"Nzuri!" alinguruma Tingatinga kutoka nyuma, na ndoo ya kokoto ikaingia. Haraka aliruka.

"Nzuri," alisema Shangazi. "Endelea."

"Za... za jana?" Ndoo. "Za nyumbani? Za kazi? Za afya?" Ndoo, ndoo, ndoo. Hapo akakwama. Maskini, hakuwa na nyingine. Mtu mzima mwenye watoto wawili, akiba yake ya salamu ni tano! Akatazama huku na huku, na Mwembamba akamnong'oneza kama mtu anayempa mwenzake majibu ya mtihani, "Majirani. Siku nyingi. Huko utokako." Haraka akazisema zote tatu kwa pumzi moja, Tingatinga akakimbizana nazo. Nane.

"Baba hajambo?"

"Hajambo, ana miaka themanini na bado anachagua nyama." Ndoo ya mchanga.

"Mama hajambo?"

"Alifariki mwaka juzi. Ungeuliza, ungejua. Mwembamba, mwaga."

Mwembamba alimwaga polepole. Haraka akainamisha kichwa. "Pole, Shangazi," alisema, na safari hii hakuwa na haraka. Tingatinga aliinua ndoo, akasita, akaishusha. Pole haikuwamo kwenye orodha.

"Nimeshapoa. Endelea."

"Watoto hawajambo? Na wewe mwenyewe, hujambo?"

"Hawajambo. Sijambo."

Nne. Kokoto na mchanga vikawa vinazunguka vikavu mashineni, krwa krwa krwa. Vumbi alikuwa amesimama na mfuko begani. Hakuupasua, wala hakutoa shikamoo yake. Akamtazama Haraka. Tingatinga akamtazama Haraka. Mwenye nyumba, vidole midomoni, akamtazama Haraka. Hata fundi aliacha kelele, akachungulia ukingoni.

Haraka akanong'ona kitu kifuani mwake.

"Sikusikii," alisema Shangazi. "Mashine inanguruma."

"SHIKAMOO, SHANGAZI!"

Paa! Mfuko ukapasuka, vumbi la saruji likamrudia Haraka usoni, akabaki mweupe, kope zote. Shangazi aliiacha mashine izunguke mara moja. Akaiacha izunguke mara ya pili. Vumbi alikuwa ameinua ndoo ya maji, akisubiri.

"Marahaba, mwanangu."

Maji yakaingia. Zege likatoka laini na zito, likapanda juu kwenye toroli, na halikurudi. Shangazi akainuka, akaokota kijiti chake, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi, akampa Haraka ufagio amshikie.