Vidonge Vyangu Tumboni mwa Mama Mkwe

Mwaka wa hamsini na nane, nikiwa na mimba ya kwanza ya miezi mitano, nesi Bernadeta alinipa vidonge vya kuongeza damu: chekundu cha madini ya chuma na kidogo cha njano. Nivimeze kila siku baada ya kula, kwa maji, si kwa chai. Niliitikia kama mwanafunzi wa darasa la nne, maana ndilo nililoishia.

Lakini wanawake wa kisimani walishanionya: vinanenepesha mtoto, atashindwa kutoka. Kuvitupa niliona dhambi. Nikampa mama mkwe, Odeta, nikamwambia ni dawa ya magoti. Alivipenda. Kliniki nikadanganya bila kupepesa macho kwamba navimeza.

Wiki ya pili Odeta alitoka chooni ameshika ukuta. Akamwita baba mkwe, akamwita na mume wangu Nkwabi, akatangaza kuwa choo chake ni cheusi kama masizi.

"Nimelishwa kitu," alisema. "Na anayenilisha ni Mwanvua, na vitumbua vyake."

Mwanvua, jirani yetu, mke wa fundi cherehani, hakuwa na ndugu hata mmoja pale kwetu Kisesa. Nkwabi akaanza kujaza upepo baiskeli aende Magu kumleta mganga. Mganga akishamtaja mtu, huyo hana pa kukaa tena.

Mara Mwanvua mwenyewe akatokea uani na kapu lake. "Shikamoo mama. Leo vya moto."

Odeta akampa mgongo. Mimi nilikuwa nachagua mchele ambao haukuwa na chuya hata moja. Kwetu mkwe humtazami machoni. Habari za choo chake utaanzia wapi?

"Ni mimi," niliuambia ungo.

"Wewe nini?" akauliza Nkwabi.

"Ile dawa ya magoti ni ya mimba."

Odeta akajishika tumbo. "Nina mimba?"

Baba mkwe akaondoka uani, mabega yakimtikisika. Mwanvua hakucheka. Nilipomweleza alivyoshukiwa na kumwomba radhi, alifunika kapu lake, akapita.

Kesho yake nesi alimtuliza Odeta: weusi ule ni chuma tu, ila dawa ya mjamzito haigawanywi, na watoto wasiifikie, wakimeza vingi vinaua. Kisha akanivuta kope. Ndani kulikuwa kweupe.

"Havinenepeshi mtoto," aliniambia. "Ila damu ikikupungua hivi, siku ya kujifungua utatuachia yatima. Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliona aibu."

"Na sasa huoni?"

Tangu siku ile Odeta alinisimamia kila jioni mpaka nimeze, akanifumbua mdomo kama anayenunua ng'ombe. Na kila asubuhi, baba mkwe akiwa anakunywa uji, aliniuliza kwa sauti ya kanisani: "Cheusi?"

Nami, macho chini, nilijibu: "Cheusi, mama."